Mama Anayetumia Dawa za Akili Anaweza Kunyonyesha

Mwanamke anayetumia dawa za ugonjwa wa akili akishajifungua, mara nyingi hutakiwa achague moja kati ya mawili: dawa au ziwa. Wapo wanaomwambia aache kunyonyesha kwa sababu dawa inaingia kwenye maziwa. Wapo wanaomwambia aache dawa kwa sababu mtoto ndiye wa kufikiriwa kwanza. Wanaosema hivyo ni watu wanaomtakia mema: mama mkwe, dada, mkunga, pengine hata daktari mwenye foleni ndefu mlangoni. Lakini shauri lao linaweza kumkosesha mtoto maziwa ya mama yake bila sababu ya kutosha, au likamrudisha mama kwenye ugonjwa uliokuwa umeshatulia. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba kwa sehemu kubwa ya dawa hizi hakuna haja ya kuchagua. Mama anaweza kumeza dawa yake na akanyonyesha, akiwa chini ya uangalizi wa mtaalamu anayejua anachokifanya. Na pale ambapo kweli haiwezekani kuvishika vyote viwili, kinachopaswa kubaki ni dawa.

Dawa ninazozungumzia ni zile zinazotibu saikosisi, hali ambayo mtu husikia sauti wasizozisikia wengine, huona visivyokuwepo, au hushikilia jambo ambalo hakuna awezaye kumtoa, kwa mfano kwamba ndugu zake wanamtilia sumu kwenye chakula. Hupewa wagonjwa wa skizofrenia, wenye baipola ambao hisia zao hupanda na kushuka kupita kiasi, na wanawake wanaorukwa na akili baada ya kujifungua. Ya zamani kuliko zote ni klopromazini, ambayo wengi Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la Largactil. Ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Ikafuata haloperidoli, iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958. Kizazi kilichokuja baadaye kina risperidoni, olanzapini, kwetiapini, aripiprazoli na klozapini. Mgonjwa anayetoka Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi, Kidongo Chekundu Unguja au Butabika jijini Kampala, akiwa na bahasha ya vidonge mkononi, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani yake mna mojawapo ya hizi.

Kabla ya kuuliza dawa itamfanya nini mtoto, tuulize ugonjwa usiotibiwa unaweza kufanya nini, maana hilo ndilo swali linalosahaulika. Saikosisi ya baada ya kujifungua humpata mwanamke 1 au 2 katika kila 1,000 wanaojifungua. Mara nyingi huanza ghafla ndani ya wiki mbili za mwanzo, yaani arobaini haijafika hata nusu, nyumba bado imejaa ndugu na uji wa mzazi uko jikoni. Mama halali usiku kucha na wala hasemi amechoka. Anaongea kwa kasi, anaruka kutoka jambo hili hadi lile, anamshuku kila anayemgusa mtoto, pengine anasema mtoto si wake. Wengi hukimbilia kusema ana majini, na siku za thamani zinapotea. Mwaka 1987, Robert Kendell na wenzake wa Edinburgh, Uskoti, walichapisha utafiti uliolinganisha kumbukumbu za uzazi na za hospitali za akili. Waligundua kwamba katika siku 30 za kwanza baada ya kujifungua, uwezekano wa mwanamke kulazwa kwa saikosisi ulikuwa zaidi ya mara 20 ya ilivyokuwa kabla ya kushika mimba. Mwenye baipola ya aina kali yuko hatarini zaidi. Takriban 1 kati ya 5 hupatwa na saikosisi baada ya kujifungua. Nchini Uingereza, ambako kila kifo cha mzazi huchunguzwa, kujiua kumekuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wanawake kati ya wiki ya sita na mwaka mmoja baada ya ujauzito kwisha.

Mama aliyezidiwa kiasi hicho hawezi kumnyonyesha mtoto kwa utulivu, hawezi kumwogesha wala kusikia kilio chake kama kilio cha njaa, na katika visa vichache anaweza kumdhuru. Njia fupi ya kufika huko, kwa mwanamke ambaye tayari alikuwa na ugonjwa, ni kuacha dawa ghafla. Na wengi huziacha kimyakimya. Wanaambiwa kliniki kwamba maziwa ya mama ndiyo bora, wanasikia nyumbani kwamba dawa inaharibu maziwa, kisha wanajiamulia peke yao, vidonge vinabaki kabatini na hakuna anayeambiwa. Kwa hiyo tunapopima hatari ya dawa, tukumbuke kwamba upande wa pili wa mizani uko ugonjwa, na ugonjwa huu una uzito.

Sasa tuje kwenye maziwa yenyewe. Ni kweli dawa inaingia. Karibu kila kinachozunguka kwenye damu ya mama huonekana kwa kiasi fulani kwenye maziwa, kuanzia kafeini ya chai hadi parasetamoli aliyomeza kwa maumivu ya mshono. La kujua ni kiasi gani. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na damu, na dawa lazima ipenye kuta nyembamba za seli ili iyafikie. Dawa nyingi za saikosisi hushikwa na protini za damu. Zaidi ya asilimia 90 ya olanzapini iliyomo kwenye damu, kwa mfano, imeshikwa hivyo na haiwezi kuvuka. Ile kidogo iliyobaki huru ndiyo inayopita. Mtoto akishainyonya, ni lazima ipite tumboni na kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na huko nako baadhi yake hupotea. Siku mbili tatu za mwanzo kuta hizo bado zina mianya na dawa hupita kwa urahisi zaidi, lakini maziwa ya siku hizo, yale ya njano, huwa ni vijiko vichache tu.

Wataalamu wana kipimo wanachokitumia. Huchukua kiasi cha dawa anachopata mtoto kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, wakakilinganisha na kiasi anachotumia mama kwa kila kilo ya uzito wake. Kiasi cha mtoto kisipofika asilimia 10 ya kile cha mama, kwa kawaida dawa huhesabiwa kuwa inakubalika kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa kwa wakati wake. Tuifanye hesabu hiyo kwa olanzapini, ambayo vipimo vimeiweka kwenye wastani wa kama asilimia 1.6. Mama wa kilo 60 anayemeza miligramu 10 kila usiku anapata miligramu 0.167 kwa kila kilo. Asilimia 1.6 ya hiyo ni miligramu 0.0027. Mtoto wa kilo 5, basi, hupata kama miligramu 0.013 kwa siku nzima. Ili afikishe kidonge kimoja alichomeza mama usiku mmoja, mtoto huyo, tukichukulia haongezeki uzito, angenyonya kwa siku 750 hivi, yaani zaidi ya miaka miwili. Hesabu hii haithibitishi kwamba dawa haiwezi kumgusa mtoto kabisa. Inatuonyesha tu ukubwa wa kitu tunachokiogopa.

Dawa nyingine zina hesabu zake. Kwetiapini huingia kidogo kuliko hata olanzapini, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na klopromazini nayo imepimwa ikaonekana katika kiwango hichohicho. Risperidoni hupanda zaidi, kati ya asilimia 3 na 9, kwa sababu mwili huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu ileile, na hiyo nayo huingia kwenye maziwa. Bado haijafika kwenye mpaka. Haloperidoli hutofautiana sana kati ya mama na mama: kwa baadhi haifiki asilimia 1, kwa wengine huukaribia mpaka wa asilimia 10 au kuupita kidogo. Ndiyo sababu anayeitumia anahitaji dozi ndogo kabisa inayomweka sawa, na mtoto wake anahitaji macho zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo wanaomwachisha mama dawa siku ya kujifungua hawalifikirii. Mtoto ambaye mama yake alitumia dawa wakati wa ujauzito alishakutana nayo kabla hajaonja ziwa. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walipima dawa hizi katika damu ya kitovu wakalinganisha na damu ya mama. Kiwango cha olanzapini kwenye kitovu kilikuwa asilimia 72 ya kile cha mama, haloperidoli asilimia 66 hivi, risperidoni 49, kwetiapini 24. Hizo ni namba kubwa sana zikiwekwa kando ya asilimia chache za maziwa. Kumtibu mwanamke miezi tisa yote kisha kumnyang'anya dawa anapoanza kutoa maziwa ni kumwondolea kinga wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote, ili kumwepusha mtoto na kiasi kidogo kuliko kile alichokwisha kukipata. Na hapa pana tahadhari ya kutaja. Mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilionya kwamba watoto waliofikiwa na dawa hizi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito wanaweza kuzaliwa wakitetemeka, misuli ikiwa imekaza au imelegea, au wakapata shida ya kupumua na kunyonya. Mtoto wa namna hiyo anahitaji daktari mara moja. Lakini dalili hizo kwa kawaida zinatokana na dawa iliyopita kwenye kondo, na kumwachisha ziwa hakuziondoi.

Msomaji makini atauliza ushahidi huu una nguvu kiasi gani. Ni haki kuuliza, na ni haki kujibiwa kweli: hauna nguvu kama tungependa. Hakuna mtafiti mwenye dhamiri atakayewagawa akina mama kwa kura, hawa wanyonyeshe wakitumia dawa na wale waiache, ili aone watoto watakuwaje. Tulichonacho ni ripoti za akina mama wachache wachache, vipimo vya maziwa na vya damu ya watoto, na idadi ndogo ya watoto waliofuatiliwa kwa muda mrefu. Olanzapini ndiyo yenye kumbukumbu nyingi kidogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013 kutokana na taarifa alizokusanya mtengenezaji ulihusu watoto 102 walionyonya mama zao wakiitumia; zaidi ya asilimia 80 hawakuripotiwa kupata tatizo lolote, na waliopata, lililotajwa zaidi lilikuwa usingizi mwingi, tena kwa watoto wachache. Kwa upande mwingine, ripoti ya mwaka 1998 kutoka Uingereza ilitaja watoto watatu ambao mama zao walitumia haloperidoli na klopromazini kwa pamoja, na ambao alama zao katika vipimo vya ukuaji zilishuka walipofikia kati ya miezi 12 na 18. Watoto watatu hawatoshi kuthibitisha kitu, na ugonjwa wa mama wenyewe nao unaweza kugusa ukuaji wa mtoto. Hata hivyo sioni sababu ya kuificha ripoti hiyo, hasa kwetu, ambako dawa hizo mbili ndizo zinazopatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Funzo lake ni kwamba mama anayenyonyesha atibiwe kwa dawa moja inayomfaa kila inapowezekana, badala ya kurundikiwa mbili au tatu.

Wanaoandika miongozo wameusoma ushahidi huohuo pamoja na mapungufu yake, na hawakufikia uamuzi wa kukataza. Taasisi ya NICE ya Uingereza, katika mwongozo wake wa Desemba 2014, inasema wanawake wenye matatizo ya afya ya akili wahimizwe kunyonyesha, isipokuwa wanaotumia klozapini, lithiamu au kabamazepini. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 2016, ulioandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na daktari bingwa wa akili, unaruhusu mama anayenyonyesha apewe vidonge vya haloperidoli au klopromazini kwa dozi ndogo. Huo umeandikwa mahsusi kwa mazingira kama ya zahanati zetu.

Lakini mbona karatasi iliyomo ndani ya boksi la dawa inasema usinyonyeshe? Wapo akina mama wanaoisoma nyumbani jioni wakashtuka, na nawaelewa. Tujue karatasi ile huandikwaje. Kwa kawaida kampuni za dawa hazifanyi majaribio kwa wanawake wanaonyonyesha, kwa hiyo zinapofika kwenye sehemu ya kunyonyesha huwa hazina majaribio yao wenyewe ya kutegemea, na lililo salama kwao kisheria ni kukataza au kusema usitumie mpaka umwone daktari. Karatasi hiyo hailinganishi hatari ya dawa na hatari ya ugonjwa, wala haimjui mama aliyeishika. Kwa swali hili kuna chanzo bora zaidi: LactMed, hazina ya taarifa ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, inayoeleza dawa moja moja, kiasi kilichopimwa kwenye maziwa, na yaliyoonekana kwa watoto. Ni bure, na inafunguka kwenye simu. Muuguzi au daktari ambaye hana hakika anaweza kuisoma kabla ya kumwambia mama neno.

Pingamizi linalosikika zaidi ni hili: kwa nini tujisumbue na asilimia na hesabu, si apewe tu maziwa ya kopo? Mwenye maji safi ya bomba, jiko la gesi, friji na fedha za kununua kopo jipya kila siku chache anaweza kusema hivyo kwa urahisi. Nyumba nyingi hazina hayo. Kopo linapokuwa ghali, maziwa huongezwa maji ili yafike mwisho wa mwezi, chupa haichemshwi kila mara, mtoto anaharisha. Tathmini iliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2016 ilikadiria kwamba kunyonyesha kukienea ipasavyo duniani kungezuia vifo vya watoto wapatao 823,000 kila mwaka. Na Afrika tumeshalipa kujifunza jambo hili. Mwanzoni mwa mwaka 2006, baada ya mvua kubwa nchini Botswana, ulizuka mlipuko wa kuharisha, na waliojaa wodini na kufa kwa wingi walikuwa watoto wasionyonya, wengi wao wakiwa wamepewa maziwa ya kopo ili kuwakinga na virusi vya UKIMWI. Nia ilikuwa njema kabisa. Hatari moja ilipigwa vita bila kuitazama ile nyingine.

Tukio hilo na mengine ya aina yake yaliwafanya wataalamu wapime upya. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake, na mama mwenye virusi akaruhusiwa kunyonyesha akiwa yeye au mtoto anatumia dawa za kupunguza makali. Leo katika kliniki za Tanzania, Kenya na Uganda ni jambo la kawaida kabisa mama kumeza ARV na kunyonyesha, na dawa hizo nazo huingia kwenye maziwa. Hakuna anayemwambia achague. Sioni kwa nini mama mwenye skizofrenia au baipola anyimwe upimaji wa namna hiyohiyo, isipokuwa kwamba ugonjwa wake bado unaogopwa na kuonewa aibu zaidi.

Nimesema sehemu kubwa ya dawa, sikusema zote. Klozapini, inayotolewa kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa, hujikusanya kwenye maziwa na inaweza kushusha seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Ipo ripoti ya mtoto aliyenyonya akapatwa na hali hiyo. Anayeitumia kwa kawaida hushauriwa asinyonyeshe. Lithiamu si dawa ya saikosisi lakini wenye baipola wengi wanaipata pamoja nazo: kiwango chake kwenye damu ya mtoto anayenyonya kinaweza kufika kama robo ya kile cha mama, na mtoto akiharisha au akitapika na kupungukiwa maji, hupanda zaidi na kuwa sumu. Sindano za kukaa mwilini wiki kadhaa, kama Modecate, hazina taarifa za kutosha kwa wanaonyonyesha, na mwongozo wa mhGAP hauzipendekezi kwa kawaida. Aripiprazoli inaweza kukausha maziwa kwa kuwa hushusha homoni ya prolaktini. Benzheksoli, ile wanayoiita Artane, inayoandikwa sambamba na haloperidoli kuzuia mwili kukakamaa, nayo ikitumika kwa muda inaweza kupunguza maziwa. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye ini, figo au moyo wenye kasoro, hasomwi kwa hesabu ile ya asilimia 10. Huyo anahitaji uamuzi wa daktari wake mwenyewe.

Katika hali hizo, mama asibadilishiwe dawa kwa pupa ili tu anyonyeshe. Klozapini ikiwa ndiyo iliyomtoa kwenye miaka ya kulazwa na kutoroka nyumbani, abaki na klozapini, na mtoto alishwe kwa njia nyingine, familia ikijipanga mapema, kabla ya kujifungua, kwa ajili ya gharama na maji salama. Mama huyo hajamnyima mtoto wake chochote. Amempa mama mwenye akili timamu, na nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu akina mama wa aina hii hunyooshewa vidole hata kliniki, mbele ya wenzao, kana kwamba kopo ni uvivu.

Lipo pingamizi la mwisho, ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini: mgonjwa wa akili aachwe na mtoto kifuani? Mama aliye katikati ya mlipuko wa saikosisi asiachwe peke yake na mtoto, hata dakika chache. Hilo halina mjadala. Lakini wengi tunaowazungumzia ni wanawake ambao dawa imewatuliza, wanaopika, wanaouza genge, wanaofundisha shule. Na hata aliyelazwa si lazima atenganishwe na mtoto moja kwa moja. Uingereza ina wodi za mama na mtoto, na nchini India hospitali ya NIMHANS mjini Bangalore ilianzisha ya kwake mwaka 2009, ikionyesha kwamba si jambo la nchi tajiri peke yake. Pasipo wodi hiyo, ndugu anaweza kumleta mtoto wakati mama ametulia, anyonye muuguzi akiwepo. Na kama bado hajawa tayari, asaidiwe kukamua maziwa kila baada ya saa tatu hivi ili yasikauke. Akitoka hospitali atakuta bado anayo.

Hatari ambayo mimi naipa uzito zaidi nyumbani ni usingizi wa mama. Dawa hizi nyingi hulaza, na kwetu mtoto hulala kitanda kimoja na mama, ndani ya chandarua kimoja. Mama aliyemeza kidonge kinachomtia usingizi mzito asilale na mtoto kitanda kimoja. Mtoto alale karibu, lakini kwenye sehemu yake. Hapo ndipo arobaini yetu inapokuwa na faida kubwa kuliko dawa yoyote mpya. Bibi au shangazi aliyekuja kumlea mzazi amchukue mtoto usiku, ampe kwa kikombe kisafi maziwa yaliyokamuliwa jioni, mama alale saa sita mfululizo. Kwa mwenye baipola, kukosa usingizi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha ugonjwa upesi, kwa hiyo usiku huo mmoja wa kulala nao ni matibabu. Baba wa mtoto naye anaweza kuamka.

Kuhusu saa za kumeza, mama anaweza kunyonyesha kwanza kisha akameza dozi yake ya usiku, ili kipindi ambacho dawa imepanda zaidi kwenye damu kiangukie wakati mtoto amelala. Si sharti, na hakuna haja ya kukamua na kumwaga maziwa. La lazima ni kumtazama mtoto. Anaamka mwenyewe kunyonya au inabidi aamshwe kila mara? Ananyonya kwa nguvu au anachoka upesi? Anatetemeka, anakakamaa, analegea? Kadi ya kliniki ndiyo kipimo bora kilichomo ndani ya kila nyumba: mtoto anayepimwa kila mwezi na mstari wake wa uzito unapanda, anayecheka na kushika shingo kwa wakati wake, anatoa ushahidi ambao hakuna uvumi unaoweza kuupinga. Mstari ukilala au ukishuka, mama arudi kliniki na mtoto pamoja na vidonge vyake. Nalisema hili kwa sababu katika jamii zetu maziwa ya mama hushtakiwa kwa mengi. Ya mwanzo huitwa machafu yakamwagwa. Mtoto akidhoofu huambiwa amebemendwa. Mama mwenye jina la ugonjwa wa akili hushtakiwa haraka zaidi, kila kilio cha mtoto kikawekwa kwenye vidonge vyake, hata pale ambapo ni meno, mafua au joto.

Kwa mama anayesoma haya akiwa na vidonge mkononi: usiviache leo, na usimwachishe mtoto leo. Nenda kliniki na dawa zote unazotumia, pamoja na za dukani na za mitishamba, useme wazi kwamba unanyonyesha, uulize jina la dawa, dozi, na kama inawezekana ubaki na moja tu. Ukiwa bado mjamzito, uliza sasa, usisubiri uchungu. Na kwa mhudumu wa afya atakayeulizwa: ukiwa hujui, fungua LactMed au mpigie daktari wa akili wa hospitali ya rufaa mama akiwa bado ameketi mbele yako. Usimwambie "acha" kabla hujasoma.